Karai la Hanukkah Mpakani

Kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Mbale upande wa Uganda, ukipitia Tororo, hazifiki kilomita 100. Nje kidogo ya mji huo, kwenye kilima cha Nabugoye na katika vijiji kama Putti, Namanyonyi na Nasenyi, kuna Waafrika ambao wameshika dini ya Kiyahudi kwa zaidi ya karne moja. Wanajiita Abayudaya. Sisi wa upande huu wa Kenya, wa Mundika, Matayos na Busia mjini, tunazijua bei za mayai na ndizi za Uganda kuliko tunavyowajua majirani hawa. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, inaingia sikukuu yao ya Hanukkah, inayodumu siku nane, na kote duniani Wayahudi huiadhimisha kwa taa na kwa vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta. Mtu anayetaka kuonja vyakula hivyo vya asili huelekezwa kwenye majina mawili: latke, yaani chapati ndogo za viazi vilivyokunwa, na sufganiyot, yaani mandazi ya mviringo yaliyotiwa jemu ndani. Nitadai leo kwamba maelekezo hayo yana kasoro. Katika ukanda huu wetu, kabalagala, mihogo ya kukaanga na mandazi yana haki kamili ya kuwa chakula cha asili cha Hanukkah, haki ile ile viliyo nayo viazi vya Poland, na asiyekubali hivyo hajaisoma vizuri historia ya sikukuu yenyewe.

Tuanzie kwenye historia hiyo. Hanukkah inakumbuka mwaka 164 kabla ya Kristo, pale Yuda Makabayo na wapiganaji wake walipolitwaa Hekalu la Yerusalemu kutoka kwa majeshi ya Antioko wa Nne, mtawala wa Kiyunani wa Siria, wakalitakasa na kuliweka wakfu upya. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinasimulia vita, madhabahu mpya na siku nane za shangwe, lakini hakitaji chupa ya mafuta hata mara moja. Habari za chupa hiyo, iliyokuwa na mafuta ya siku moja yakawaka siku nane, zimo katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya warabi uliokusanywa karne kadhaa baada ya vita. Na hata hapo, warabi waliagiza taa tu: moja usiku wa kwanza, mbili usiku wa pili, hadi nane usiku wa mwisho, jumla mishumaa 44 ukihesabu na ule wa kuwashia wenzake. Chakula hawakukiagiza. Linganisha na Pasaka, ambayo mkate wake usiotiwa chachu umeamriwa waziwazi katika kitabu cha Kutoka, na ambayo mtu hawezi kuila kwa chapati akasema ni sawa. Taa za Hanukkah ni sheria. Vya kukaanga ni desturi iliyozaliwa kwa kuyakumbuka mafuta ya taa hizo.

Kwa kuwa hakuna aliyeagiza cha kupika, kila nchi ilijaza nafasi hiyo kwa ilichokuwa nacho. Katika karne ya 12, Rabi Maimon ben Yosef, baba yake mwanafalsafa Musa bin Maimuni, aliandika kuitetea desturi ya kukaanga sfinj, mandazi laini ya unga wa ngano ambayo hadi leo huuzwa mitaani Morocco na kuliwa na Waislamu na Wayahudi vilevile. Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 walikwenda na bimuelos zao hadi Uturuki na Ugiriki: vidonge vya unga uliochachuka, vinavyotumbukizwa katika mafuta ya moto kisha katika asali au shira. Mtu wa Mombasa au Lamu akiwekewa sahani hiyo mbele yake hatauliza ni nini, kwa maana ni kaimati, dada yake yuleyule wa tumbo moja, aliyezaliwa katika majiko ya Kiarabu ya zama za kati. Wayahudi wa Iraki walikaanga zalabia, nayo pwani yetu inaijua. Wa Italia walikuwa na vyao, wa India vyao. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekuwa akingojea kiazi kutoka Poland.

Kiazi chenyewe ni mgeni. Kilitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kikafika Ulaya katika karne ya 16, na hakikuwa chakula kikuu cha maskini wa Ulaya Mashariki hadi karne ya 19. Kabla ya hapo, Wayahudi wa huko walikuwa wakikaanga chapati ndogo za jibini au za unga wa nafaka. Na mafuta je? Muujiza wa Talmudi unahusu mafuta ya zeituni, ila mzeituni hauoti Poland wala Ukraine, kwa hiyo walitumia mafuta ya bata bukini, yaliyoyeyushwa majira yayo hayo ya baridi ndege hao wakiisha kunona. Sufganiyot nazo zina ubini wa ajabu zaidi. Andazi lenye jemu ndani lilikuwa chakula cha Wajerumani na Wapolandi kabla ya kuwa cha Wayahudi, na lilipofika Palestina lilipigiwa debe katika miaka ya 1920 na Histadrut, chama kikuu cha wafanyakazi, kwa sababu ya kiuchumi kabisa: latke kila mama anaweza kuzikaanga nyumbani, lakini andazi lenye jemu linahitaji mwokaji, na mwokaji anahitaji ajira. Kwa hiyo moja ya nguzo mbili za Hanukkah ya kisasa ilisimamishwa na wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi. Silitaji hili kwa kulikejeli. Ni historia njema, nami nadhani watengenezaji mandazi wa soko la Busia wangeipenda. Ninachotaka mkione ni kwamba asili, katika jambo hili, kila mara imekuwa ni ya mahali.

Sasa turudi kwa jirani zetu wa Mbale. Jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki, akaujenga mji wa Mbale, kisha akachoshwa na Waingereza hao walipomnyima ufalme alioutarajia. Alijiunga kwanza na madhehebu ya Wamalaki, na mwaka 1919, kwa kusoma Biblia tu, aliamua kwamba amri za Musa zishikwe zote, akajitahiri yeye na wanawe. Wenzake walipomwambia kwamba huo sasa ni Uyahudi, alisema basi yeye ni Myahudi. Nataka tuitazame Biblia aliyokuwa akiisoma. Biblia kamili ya Kiganda ilichapishwa mwaka 1896 kwa juhudi za Waprotestanti, na chama cha Biblia kilichowachapia kilikuwa hakichapishi vitabu vya Wamakabayo tangu miaka ya 1820. Maana yake ni kwamba mwanzilishi wa Uyahudi wa Mbale alikuwa na kitabu kilichomweleza Pasaka, Sabato na Siku ya Upatanisho kwa kirefu, lakini Hanukkah kilimpa mstari mmoja tu, tena ndani ya Agano Jipya alilokuwa akijitenga nalo: Yohana sura ya 10, pale Biblia yetu ya Kiswahili inapoitaja Sikukuu ya Kutabaruku. Hanukkah haikuweza kutoka kwenye usomaji wake wa Torati. Ni sikukuu inayofika kwa mapokeo ya watu, na mapokeo ya watu huja yamebeba chakula cha hao wanaoyaleta. Kwa miongo ya karibuni walioyaleta ni Wayahudi wa Marekani, ambao babu zao walitoka Ulaya Mashariki. Wangekuja Wayahudi wa Morocco, tungekuwa leo tunaambiwa kwamba chakula cha asili ni sfinj, na mama wa mandazi angetikisa kichwa akasema, hilo nalijua.

Niseme kando neno moja kuhusu mpaka, maana tunauchukulia kana kwamba uliumbwa pamoja na ardhi yenyewe. Hadi Aprili 1902, ardhi hii tuliyokalia ilikuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda. Ilihamishwa kwa kalamu. Ndiyo maana mwaka 1903 Joseph Chamberlain alipowapa Wazayuni nyanda za Uasin Gishu wafanye makao yao, jambo hilo likaitwa mpango wa Uganda, ingawa nyanda hizo zilikwisha kuwa upande wa Kenya ya leo. Mkutano wa Wazayuni uliukataa mwaka 1905. Wayahudi wa Ulaya hawakuja kwa wingi, walibaki wachache wenye sinagogi lao Nairobi. Uyahudi uliochipuka katika ukanda huu ulichipuka kwa Waafrika wenyewe, na upande wa pili wa mstari. Majiko hayakuhamishwa na kalamu ile. Muhogo unaolimwa Bukhayo na Teso ndio unaolimwa Tororo na Pallisa.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo ni la haki. Mandazi na mihogo ya kukaanga ni chakula cha kila siku. Mtoto hupewa na chai kabla ya kwenda shule. Mwendesha boda boda humaliza mawili akingojea abiria pale karibu na kizuizi cha mpakani. Kitu cha kila siku kinawezaje kuwa chakula cha sikukuu? Jibu liko ndani ya nyumba zetu wenyewe, na jina lake ni chapati. Chapati haikuwako kwa babu zetu. Ililetwa bara na Wahindi wa zama za reli, iliyojengwa kuanzia mwaka 1896, na kwa kuwa unga wa ngano na mafuta vilikuwa ghali, nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya ziliipika mara moja tu kwa mwaka, yaani Krismasi. Leo chapati ziko kila kibanda, asubuhi na jioni, na bado Krismasi bila chapati si Krismasi. Hakuna padri aliyeamuru hivyo. Wakati ndio unaokitakasa chakula, pamoja na wingi wake, wanaokula pamoja, na hiyo hesabu ya mafuta ambayo mama wa nyumba huifanya siku moja bila kuibania. Kiazi cha Poland nacho kilikuwa chakula cha kila siku, tena cha kuchosha: asubuhi kiazi, jioni kiazi. Kilichokipandisha cheo ni kule kukunwa na kutumbukizwa katika mafuta ambayo siku nyingine yangeonekana ni ubadhirifu. Na ikiwa mtu bado anataka kitu chenye sura ya sherehe, basi kabalagala inatosha kabisa: ndizi ndogo tamu zilizoiva hadi ganda kuingia weusi, zikapondwa kwa mkono bila maji, zikakandwa na unga wa muhogo, zikakatwa miviringo na kukaangwa hadi zifanane na udongo wa Elgon. Haina sukari ya kuongezwa, haina hamira, haina maziwa. Sioni ni kwa nini andazi la jemu liipite.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Abayudaya wamehangaika kwa miaka kutambuliwa na Wayahudi wenzao. Chini ya Idi Amin walikatazwa ibada, masinagogi yakafungwa, wengi wakaiacha dini. Utawala huo ulikwisha Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoingia. Mwaka 2002 mamia yao walipitia mbele ya baraza la warabi kutoka nje ili Uyahudi wao usitiliwe shaka. Gershom Sizomu, mmoja wa vijana walioihuisha jamii hiyo, alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008, na baadaye akaingia Bunge la Uganda. Pamoja na hayo yote, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli imewahi kuwakatalia haki ya uhamiaji. Katika hali hiyo, mtu atauliza, je, si busara wale walacho wenzao, ili wasionekane wamejitungia dini? Naielewa hofu hiyo. Lakini naona inageuza mambo chini juu. Wayahudi wa Baghdad hawakuthibitisha Uyahudi wao kwa kula viazi, wala wa Cochin huko India. Mtu anayeiga chakula cha taifa moja la Wayahudi anakuwa ameiga Ulaya. Anayeshika taa, sala na kalenda, kisha akakaanga kilichomo ghalani mwake, amefanya kile ambacho Wayahudi wa kila nchi walikifanya. Tuangalie hata Kasuku, katika kaunti ya Nyandarua, ambako kuna jamii ndogo ya Wakenya wanaofuata dini hii. Wao wakikaanga viazi hawamwigi mtu, kwa sababu Nyandarua ndiko kwenye viazi. Hata miteremko ya Elgon ina viazi, na atakayevikaanga asizuiwe. Ninachokataa ni kile kisahani cha viazi kugeuzwa kuwa mtihani.

Pingamizi la tatu linatoka ndani ya sheria yao, na hapa lazima hoja yangu ikubali kupunguzwa. Sheria ya chakula ya Kiyahudi haitazami kilichopikwa tu; inatazama na chombo. Samaki asiye na magamba ni haramu, na kambale ni wa kundi hilo. Omena wana magamba, hao hawana shida. Lakini karai la sokoni halina dini. Asubuhi limekaanga mandazi, mchana limekaanga kambale, na mafuta ni yale yale. Wanaoshika sheria kwa ukali hutafuta muhuri wa rabi hata kwenye mtungi wa mafuta. Kwa hiyo ninaposema kwamba kabalagala ni chakula halisi cha Hanukkah, sisemi kwamba kabalagala yoyote ya barabarani inaweza kuwekwa mezani Nabugoye. Nasema ile iliyokaangwa katika karai lao, kwa mikono yao. Chakula ni cha ukanda mzima; karai ni la nyumba. Hili halidhoofishi hoja, linaionyesha mipaka yake, na tena linamweleza jirani Mkristo au Mwislamu kwa nini andazi lake linaweza kukataliwa kwa heshima bila yeye kutukanwa.

Na huyo jirani Mkristo au Mwislamu, yeye aweza kuonja? Wapo wanaoona kwamba kula chakula cha sikukuu ya dini nyingine ni kuingia ibada yake. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama latke au kabalagala ingekuwa sadaka iliyotolewa madhabahuni. Siyo. Ibada ya Hanukkah iko kwenye taa na baraka zinazosomwa juu yake. Kinachokaangwa baadaye ni mapochopocho ya ukumbini. Mkristo anayesoma Yohana anaona kwamba Yesu mwenyewe alikuwa akitembea Hekaluni wakati wa sikukuu hiyo. Mwislamu naye ana Sura ya al-Maida, aya ya 5, inayoruhusu chakula cha waliopewa Kitabu. Mwaka 2024 usiku wa kwanza wa Hanukkah uliangukia tarehe 25 Desemba, na kwa saa kadhaa Mbale ilikuwa ikikaangia sikukuu mbili kwa pamoja. Moshi wa mafuta haukuuliza ni wa nani.

Limebaki suala la mafuta yenyewe, na hapa naona wanaoisifu sikukuu huwa wanapita mbio. Sikukuu inayoheshimu mafuta haina budi kuuliza ni mafuta gani. Yaliyotumika hadi yakawa meusi na kutoa povu yamekwisha kuharibika, na kuyaongezea mapya juu hakuyaponyi. Isitoshe, kwa miaka mingi nchi hii imelalamikia wizi wa mafuta ya transfoma za umeme, na imeripotiwa mara nyingi kwamba baadhi yake huishia vibandani, kwa kuwa hayaishi upesi yakiwa jikoni. Ni sumu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine na marufuku ya Indonesia ya kuuza mafuta ya mawese nje vilipopandisha bei, kishawishi cha kurudia mafuta kilipanda nacho, na wauzaji wadogo wa mpakani, wanaonunua kwa kipimo cha kikombe, ndio waliobanwa zaidi. Siwalaumu wao kwanza. Namlaumu anayewauzia jerikeni lisilo na lebo akijua limetoka wapi. Hata hivyo, kwa sikukuu ambayo kiini chake ni chupa moja ya mafuta safi iliyopatikana katikati ya uchafu, karai chafu ni kosa la kidini kabla ya kuwa kosa la afya, nami ningependa kuwasikia viongozi wa dini zote za hapa wakilisema hivyo waziwazi. Alizeti inalimwa Uganda, na simsim ya Teso na kaskazini yake ina mafuta ambayo mtu wa Yerusalemu ya kale asingeyaonea haya. Yapo.

Basi yeyote kati yenu mwenye rafiki au mkwe Nabugoye, na hatuko mbali, maana twaoleana kuvuka mpaka huu, asimpelekee mandazi Desemba. Ampelekee mkungu wa ndizi tamu, debe la unga wa muhogo uliokaushwa vizuri, na mtungi wa mafuta ambao kifuniko chake hakijafunguliwa. Karai analo.